Neno bila mwenyewe: masharti gani yanafaa mu magrupe yetu ya WhatsApp?

Fungua grupe yoyote ya WhatsApp ya kartie, iwe Goma ao Bukavu, Beni ao Butembo, Bunia, Uvira ao Kalemie. Bonyeza pale juu kwenye jina la grupe, usome masharti. Mara mingi yanafanana: hakuna matusi, hakuna politike, hakuna picha za uchi, hakuna matangazo ya biashara isipokuwa siku ya jumamosi, salamu za asubuhi zisizidi. Mahali pengine wameongeza: mwenye kukosa atatolewa bila kuonywa. Ni masharti mazuri. Yanasaidia watu mia tatu kukaa pamoja mu telefone bila kuchokana.

Lakini yasome tena, kisha ujiulize: mu mambo yenye yametukimbiza usiku na watoto mgongoni, ni lipi lilianzia kwa salamu za asubuhi? Matusi yanaumiza, ndiyo. Ila kitu chenye kinatuletea hatari kubwa hakina hata neno moja mu yale masharti. Ni habari yenye haina mwenyewe, yenye mtu anaipata na kuisukuma mbele bila kujua nani aliiona, wapi, siku gani.

Unajua namna inakuja. Saa nne ya usiku mtu anaweka audio ya dakika mbili. Sauti ni ya mama fulani, anahema, anachanganya Swahili na lugha ya kwao: toweni watoto, wameshafika kule chini. Nani wameshafika? Kule chini ni wapi? Ni leo ao mwaka jana? Hakuna anayejua. Juu ya audio iko alama ya mshale, maana yake ilitoka mahali pengine. Ukiuliza mwenye aliiweka, anajibu: «Nimeipata vile tu.» Na kisha dakika kumi imeshafika mu grupe ya kanisa, ya wazazi wa shule, ya wamotari, ya likelemba. Saa tano, mtaa mzima uko barabarani na magodoro. Labda ni kweli, na ile audio imeokoa watu. Labda ni ya Masisi ya miaka mitatu iliyopita. Mwenye kubeba godoro hana namna ya kujua, na kule barabarani usiku anaweza kukutana na ubaya kuliko ule alioukimbia.

Kwa hiyo tunataka kuzungumza juu ya masharti ya magrupe, lakini si yale ya adabu peke yake. Tunauliza ni sharti gani lingefaa kweli mu inchi kama hii yetu, pahali mesaje moja inaweza kuhamisha kartie.

Tuanze na jambo lenye wakaaji wa Goma hawawezi kusahau. Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, magaribi, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Moto ukashuka ukachoma nyumba za upande wa territoire ya Nyiragongo, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu karibu thelathini walikufa. Alhamisi tarehe 27, asubuhi mapema, gavana wa kijeshi Constant Ndima akatangaza kwamba makartie kumi kati ya kumi na nane ya muji yatoke, juu moto wa chini ya ardhi ulionekana kuwa chini ya muji na chini ya ziwa. Watu kwa mamia ya maelfu wakatoka: barabara ya Sake, boti za Bukavu, njia ya Rutshuru, mpaka wa Rwanda.

Mu zile siku telefone hazikulala. Audio zilitembea zikisema ziwa litapasuka, zikitaja hata saa. Tusicheke watu wenye waliziamini, kwani hofu ile ilikuwa na mzizi: ziwa Kivu kweli liko na gazi nyingi chini yake, metane na gazi kaboniki, na wanasayansi wanaichunguza tangu zamani. Uongo wenye nguvu haujengwi juu ya hewa, unajengwa juu ya kitu cha kweli chenye watu wanajua nusu.

Sasa angalia kitu chenye kilitokea jumamosi ya tarehe 29. Siku ile serikali yenyewe ilitangaza kwamba mlima mwingine, Murara, kule karibu na Nyamulagira, umelipuka. Halafu siku ile ile ikarudi kusema: hapana, haukulipuka. Wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Namna gani Leta inatangaza mlipuko wenye haupo, mu muji wenye watu wameshatawanyika? Lakini mu lile kosa iko kitu cha kujifunza. Tangazo la kwanza lilikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo tulijua nani wa kumuuliza, na yeye akalazimika kurudi kwa njia ile ile kusema kwamba haikuwa vile. Na zile audio za ziwa? Nani alirudi kusema nilikosa? Hakuna. Haziwezi kusahihishwa, kwani hazikuwa na mtu. Bado ziko mu telefone zetu, zinangojea volkano itoe moshi kidogo ili zianze kutembea tena kama za leo.

Hapo njo tunaona sharti la kwanza lenye linakosekana: kila habari iwe na mwenyewe. Si lazima awe mkubwa. Mama mwenye anauza mboga Kituku akiandika «mimi mwenyewe nimeona, hapa Kituku, sasa saa mbili», ile ni habari yenye uzito kuliko audio ishirini za mishale. Anaweza kuwa amekosa, lakini tunaweza kumuuliza.

Wazee wetu walijua hilo bila telefone. Mu baraza, mwenye kusema anasimama, anaonekana. Jirani yake anamjua, anajua baba yake, anajua deni lake na ugomvi wake na shemeji yake juu ya shamba. Akisema «ng'ombe za fulani zimekula mihogo yangu», mzee anamuuliza: umeona ao umesikia? Kama amesikia, aitwe yule mwenye aliona. Kwa Wayira wa Beni na Lubero, mazungumzo ya namna hiyo yana nyumba yake, kyaghanda, na kila jamii huku kwetu iko na jina lake la mahali pa kukalia maneno. Hata mu vita, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati Nord-Kivu ilitaka kuzungumzisha makabila yake, chombo chenye kiliundwa kiliitwa Barza. Neno lile lilichaguliwa kwa maana, hata kama chombo chenyewe kilikuja kushindwa na mambo ya politike.

Tusipambe baraza kupita kiasi. Mara mingi wamama walikaa nje wakisikiliza, vijana hawakuulizwa, na mzee mwenye mbuzi wengi alisikilizwa kuliko masikini. Upande huo grupe ya WhatsApp ni nzuri kuliko baraza: binti wa miaka ishirini anaweza kumuuliza chefu wa kartie pesa za kutengeneza daraja zilienda wapi, mbele ya watu wote. Kitu chenye kimepotea ni lile swali la mzee peke yake: umeona ao umesikia?

Hapa kuna watu wanasema dawa ni kufunga mdomo. Masharti ya «hakuna politike, hakuna mambo ya usalama» yanatoka mu mawazo hayo. Tunaelewa admini mwenye anayaandika. Anaogopa, na hofu yake si ya bure. Lakini tukumbuke Ebola.

Ugonjwa ule ulitangazwa Nord-Kivu tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukapita Ituri, ukafika hata Sud-Kivu, ukaisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Wagonjwa 3,470, marehemu 2,287. Mu mwezi wa 12 wa 2018, siku chache tu kabla ya uchaguzi, CENI ilisema Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na wengine tarehe 30, juu ya Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, ila kura hapana. Watu wa Beni walikasirika mpaka wakapanga mistari na kupiga kura yao ya kuigiza. Mu hali kama hiyo, mesaje yenye inasema «Ebola ni biashara ya wakubwa» haihitaji kusukumwa; inatembea yenyewe. Ilikuwa uongo. Ugonjwa ulikuwa kweli na uliua. Lakini ndani ya ule uongo kulikuwa swali la haki: juu ya nini mlitunyima kura? Pale swali linakatazwa mu grupe ya wazi, linaenda kujibiwa mu grupe ya siri, na mule linapata jibu la hasira.

Na hasira ile ilimwaga damu. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019 dokta Richard Mouzoko, Mkameruni mwenye alikuwa anafanya kazi na OMS, aliuawa Butembo ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka ule ule, Papy Mumbere Mahamba, mwandishi wa redio ya jamii ya Lwemba, mu territoire ya Mambasa, aliuawa nyumbani kwake, na bibi yake akajeruhiwa. Alikuwa anafanya vipindi vya kueleza watu juu ya Ebola. Kwa sisi wa redio za jamii, lile jina si habari ya mbali. Alikuwa na mikro kama hizi zetu, na jina lake lilijulikana na kila mtu. Mwenye kusema kwa jina lake alikufa. Wenye kusukuma audio bila jina hawakuguswa.

Kwa hiyo hatuamini masharti ya kunyamazisha. Grupe yenye imekataza kila kitu cha maana inabaki na salamu za asubuhi na mistari ya Biblia, na watu wake wanaenda kupata habari kwingine. Tunaamini masharti yenye yanauliza.

Sheria ya Congo nayo inauliza, na wengi hawajui. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 Raisi wa Jamhuri alitia sahihi maandiko mawili kwa siku moja: sheria mpya ya uhuru wa vyombo vya habari na Code du numérique. Ya pili inatugusa sisi wote wenye telefone. Artikle 360 inasema mtu mwenye anaanzisha ao anapitisha habari ya uongo juu ya mtu mwingine kwa mitandao anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi miezi sita, na kulipa amande ya franka 500,000 hadi 1,000,000, ao moja kati ya hizo. Sikia vizuri lile neno: ao anapitisha. «Nimeipata vile tu» si jibu mbele ya prokireri. Artikle 356 inagusa maandishi, sauti, picha na video za ubaguzi wa rangi na wa kikabila: mwezi mmoja hadi miaka miwili, na amande ya franka milioni moja hadi milioni kumi. Na haikuanza leo. Inarudilia sheria ya tarehe 7 mwezi wa sita 1966 yenye inaadhibu ubaguzi na ukabila. Ile ni ya wakati babu zetu walituma barua kwa mkono.

Ila tuseme ukweli wote. Sheria yenye makali inakata pande mbili. Stanis Bujakera, mwandishi wa habari mwenye kujulikana sana Kinshasa, alikamatwa tarehe 8 mwezi wa tisa 2023 juu ya makala yenye haikuwa hata na jina lake. Alikaa gerezani miezi sita, akahukumiwa mu mwezi wa tatu 2024 kwa miezi ile ile yenye alikuwa ameshamaliza, akatoka. Sehemu kubwa ya mashtaka ilisimama juu ya mambo ya telefone: nani alikuwa wa kwanza kutuma waraka fulani kwa mtandao. Yeye alikana tangu mwanzo hadi mwisho. Kama mwandishi mwenye avoka na mwenye kutetewa na inchi mzima anaweza kukaa miezi sita, kijana wa Kadutu ao wa Mungwalu mwenye alisukuma audio atakaa namna gani? Na pale tribinali ya Leta haifanyi kazi tena kwa sababu ya vita, hapo hakuna hata artikle. Kuna mtu mwenye silaha kwenye bariere, anasema leta telefone, anafungua WhatsApp yako, anasoma.

Ndiyo maana hatutaki admini awe polisi, wala atishie watu na artikle 360 kila mara mtu amekosa. Tunataka wanamemba wenyewe wajichunge, kusudi wasifike kwa prokireri wala kwa bariere.

Sasa, masharti gani? Tumeshasema la kwanza: nani ameona, wapi, saa ngapi. Mwenye hawezi kujibu haya matatu asitume, aulize. Kuna tofauti kubwa kati ya kuweka audio ya mishale na kuandika: «Nasikia risase upande wa Kasika, nani iko huko?» Ya pili haisukumi uongo, inatafuta mashahidi.

Ile alama ya mshale njo msaada wenye wengi hawautumii. Mshale mmoja unasema: haya si maneno ya huyu mwenye ameyatuma. Mishale miwili inasema: imeshapita mikono mingi, mitano ao zaidi. Tangu mwezi wa nne 2020 WhatsApp yenyewe imepunguza kasi, mesaje ya mishale miwili haipiti tena ila kwa mtu mmoja ao grupe moja kwa wakati mmoja. Kampani ya mbali, yenye haijui Kasindi iko wapi, iliona kwamba mishale miwili ni hatari. Grupe ya kartie inaweza kuandika wazi: jambo la usalama lenye mishale miwili haliingii hapa, hata kama limetumwa na pasta.

La pili ni lile la Murara, la kurudi. Watu wetu wako na desturi moja mbaya: mtu akijua kwamba alituma uongo, anaufuta polepole, ananyamaza, siku inayofuata anatuma salamu za asubuhi. Kufuta hakutoshi. Kwanza, WhatsApp inaruhusu kufuta kwa wote kwa muda wa siku mbili na saa kadhaa tu.  Pili, ukifuta hapa, haifutiki mu yale magrupe mengine yenye watu wako waliipeleka. Mwenye alituma ndiye anapashwa kurudi, mu grupe ile ile, kwa sauti yake kama alituma sauti, aseme: ile habari ya jana ya Sake haikuwa kweli, mwenye aliipeleka mbele apeleke na hii. Na hapa wanamemba wenyewe wanapashwa kubadilika: mtu mwenye anarudi kusahihisha asichekwe. Tukimcheka leo, kesho hakuna mwenye atarudi.

Juu ya picha za marehemu na za wamama wenye walitendewa mabaya, hatutazungusha maneno. Hazitumwi. Hata kwa kuonyesha dunia. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya ubakaji ilimwamuru muamuzi kulinda heshima na siri ya maisha ya mwathirika. Kama muamuzi mwenyewe amefungwa na siri ile, mwanamemba wa grupe ametoa wapi ruhusa? Mtoto wa yule mama atakuja kuwa na telefone siku moja. Mwenye ana ushahidi apeleke kwa watu wa haki za binadamu wenye wanajua kuuhifadhi. Hauna kazi mu grupe ya wazazi wa darasa la sita.

Sharti lingine halipendezi vijana: usiandike wenye silaha wako wapi, wangapi, wanaelekea wapi. Si kwa kusaidia upande mmoja. Ni kwa sababu grupe si siri. WhatsApp inajisifu kwamba mesaje zinafungwa njiani, na ni kweli, lakini zinafunguka mkononi mwa kila mwanamemba, na grupe moja siku hizi inaweza kubeba hadi watu 1,024. Nani kati yetu anajua watu elfu moja? Kuonya majirani ni haki: «barabara hii si nzuri usiku huu, bakieni nyumbani.» Hilo linaokoa mtu, na halimpeleki mwandishi wake pabaya kama telefone ikikamatwa.

Tuje kwa mambo ya makabila, yenye watu wanazunguka kama moto. Kila moja wetu anajua yale maneno: majina ya wadudu na nyoka, «wale wageni», «wale waliotumwa», na mafumbo mapya yenye yanazaliwa kila mwaka ili kukwepa yale ya zamani. Hatutayaandika. Jirani zetu wa Rwanda walilipa bei yake mwaka 1994, redio ikiita watu mende, na mu mwezi wa 12 wa 2003 tribinali ya Arusha ilihukumu watu watatu wa vyombo vya habari juu ya maneno yao. Redio iko na wenyewe, wanajulikana, wanahukumiwa. Audio ya mishale ingemleta nani Arusha?

Lakini kuna jambo lenye maadmini wengi hawalioni. Mtu akituma ubaya wa kikabila, haraka sana anatolewa, watu wanapiga makofi, imekwisha. Haijaisha. Yule mtu anaenda kuingia mu grupe ya watu wa kwao tupu, na mule hakuna jirani wa kabila lingine wa kumwambia «papa, unanizungumzia mimi». Magrupe yenye sumu kabisa huku kwetu ni yale yenye watu wote ni wamoja. Kwa hiyo kumtoa mtu iwe mwisho wa njia. Mzee mmoja wa kwao amuite kando, si mbele ya wote, amuulize nini kilimtokea. Mara mingi kuna kitu: shamba limechukuliwa, kaka ameuawa. Maumivu yale yako na haki ya kusikilizwa. Yale maneno hayana. Akirudilia mara ya pili na ya tatu, basi, afungiwe mlango.

Hilo linaonyesha admini anapashwa kuwa nani. Siku hizi ni yule mwenye aliunda grupe, kijana mwenye mega, mara mingi yeye peke yake. Waweke watatu, wa jamii tofauti, mmoja awe mama, na mmoja wao awe macho usiku. WhatsApp inawapa ufunguo mzuri: siku ya hofu wanaweza kufunga grupe ili maadmini peke yao waandike. Usifungwe siku tatu, watu watakimbilia kwingine. Saa moja ao mbili zinatosha, kwani ile saa ya kwanza njo ya uongo mwingi. Mu zile saa mbili maadmini wanapiga simu, kwa chefu wa kartie, kwa munganga wa sentre de sante, kwa mtu mwenye iko pale pale, kwa redio pia. Sisi hatujui kila kitu, na iko siku umeme umekatika kama ulivyokatika Goma mu mwezi wa kwanza 2025, na redio yenyewe inanyamaza. Lakini simu moja kwa mtu mwenye iko mahali pale ina maana kuliko audio hamsini.

Limebaki jambo moja lenye litakasirisha ndugu zetu wa ng'ambo. Mu karibu kila grupe ya kijiji ao ya jamii kuna wanamemba wenye wako Kampala, Nairobi, Ubelgiji, Canada. Wanatuma pesa ya mazishi, wanalipa minerval, tunawashukuru. Lakini njo wao, mara mingi, wenye wanatuma zile za moto: simameni, msikubali, wamalizeni. Wanaandika wakiwa mahali polisi inalinda nyumba zao, na asubuhi wanaenda kazini. Jibu la maneno yao linakuja kugonga mlango wa mtu wa Nyakunde ao wa Fizi, wao hawapo. Tungependa kuona hata grupe moja ikiandika hivi mu masharti yake: juu ya mambo ya usalama, wenye wanalala hapa waseme kwanza, wenye wako mbali waulize kwanza kisha waseme. Mahali pengine yaya ao mzee wa ng'ambo atajiona amedharauliwa na kutoka mu grupe. Mpigieni simu kesho yake, mmueleze barabara ya kwenda shamba iko namna gani, nani amerudi, nani bado, watoto wanasoma wapi. Hayo njo mambo yenye hapati mu zile audio.